Kipanya Kisicho na Waya kwenye Meza za Tunduma



Nianze na jambo ambalo karani yeyote wa kliaringi atalitambua hata kabla sijamaliza kulieleza. Unajaza fomu kwenye laptopu. Umefika penye kile kiboksi chenye orodha ya nchi, umeshuka nayo mpaka karibu na mwisho, umechagua Zambia. Sawa. Sasa unataka kuushusha ukurasa uendelee na vipengele vingine, unazungusha kigurudumu cha kipanya. Ukurasa hausogei. Kinachosogea ni ile orodha, kwa sababu hukuiachia, na Zambia inageuka Zimbabwe, maana kwa alfabeti nchi hizo mbili zinafuatana. Macho yako yameshakimbilia kwingine. Unatuma.

Fomu nyingi za kompyuta zina tabia hiyo, na si kwenye majina ya nchi tu. Katika baadhi ya programu hata kiboksi cha namba, ukigusa kigurudumu, tarakimu hupanda au hushuka: mzigo wa kilo 28,000 unasomeka 27,999, na dereva aliyelala kwenye kabini anaambiwa asubiri hadi karatasi zirekebishwe. Dawa ya kwanza ni mazoea. Ukishachagua, bofya mahali patupu pa ukurasa ndipo uguse kigurudumu. Dawa ya pili ni kipanya chenyewe. Kipanya kizuri kina kigurudumu chenye vituo, kila hatua unaihisi kidoleni. Kikisogea unajua kimesogea. Kibovu huteleza chenyewe, au ukikipeleka chini huruka juu hatua moja kwanza ndipo kishuke. Ndiyo maana nimeona dakika zetu za leo tuzitumie kuzungumzia ununuzi wa kipanya kisicho na waya, kitu ambacho wengi hapa mjini hukinunua juujuu, kwa kuangalia rangi na taa.

Huu mji wetu wa Tunduma ni wa makaratasi, ndugu zangu, ingawa siku hizi makaratasi yenyewe yamo ndani ya kompyuta. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita hapa, reli ya TAZARA inapita hapa, na shaba ya Zambia na Kongo inapita hapa ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais John Magufuli na Edgar Lungu, kimerahisisha ukaguzi: gari linalotoka kwetu humalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde, Zambia, na linaloingia humalizana nao upande wetu. Lakini gari halisogei mpaka taarifa zake ziwe zimeingia kwenye mfumo. Kwa mamlaka yetu ya mapato, TRA, mfumo huo ni TANCIS, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Kwa wenzetu wa Zambia ni ASYCUDA. Nyuma ya mifumo hiyo yuko kijana, au binti, kwenye chumba kidogo cha ofisi pale mjini, laptopu mezani, anabofya tangu asubuhi hadi usiku.

Na si hao tu. Kuna makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, kule Mbozi wanaoandika kilo za wakulima. Kuna walimu wa Vwawa wanaoingiza alama za wanafunzi. Kuna vijana wa steshenari wanaopanga barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Wengi wao wanatumia laptopu za mtumba, mashine ambazo zimeshafanya kazi miaka mingi Ulaya au Marekani kabla ya kufika Kariakoo na hatimaye huku kwetu, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Mashine bado ni nzima, lakini ile padi ya kugusia kwa kidole imelika katikati. Inakataa upande mmoja, au mshale unarukaruka wenyewe. Mtu wa namna hii anahitaji kipanya, tena chenye kufaa kwa kazi yake.

Kifaa hiki kina historia fupi. Mwaka 1964, huko California, mhandisi Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walitengeneza cha kwanza: kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco. Waya uliendelea kuwapo kwa miaka mingi. Mwaka 1984 kampuni ya Logitech ilitoa kimoja kilichotumia mwanga wa infraredi, kama rimoti ya televisheni, na tatizo lake ndilo lile la rimoti: kitu kikikaa katikati, mawasiliano yanakatika. Mwaka 1991 kampuni hiyohiyo ikatoa kinachotumia mawimbi ya redio. Vile tunavyonunua leo ni watoto wa hicho cha 1991.

Sasa twende dukani. Umesimama mbele ya kaunta, muuzaji amekutolea maboksi matatu. Neno la kwanza umwambie: "Kaka, naomba nikijaribu." Kama hakubali kufungua boksi, nenda duka la pili. Wauzaji wengi watakubali ukiomba kwa heshima.

Kikishatoka, usikimbilie kuangalia kama taa inawaka. Kiweke chini ya kiganja. Kipanya kidogo sana, vile vinavyoitwa vya safari, kinapendeza kwenye begi, lakini mtu mzima mwenye kiganja kipana atakibana kwa ncha za vidole siku nzima, na jioni kidole gumba na kiwiko cha mkono vitamlaumu. Kiganja kinapaswa kupumzika juu ya mgongo wa kipanya. Kwa watumiaji wenye mashoto, epukeni vile vilivyopinda kufuata mkono wa kulia, hata kama muuzaji anavisifu. Chukueni chenye umbo sawa pande zote mbili, kisha vitufe mtavigeuza kwenye mipangilio ya Windows. Na kwa kuwa tumegusia mikono, niseme na wenye ofisi: kile kiti kifupi cha plastiki mbele ya meza ndefu kinamlazimisha karani kuinua bega muda wote. Hakuna kipanya kitakachoponya bega hilo. Mnunulieni kiti.

Halafu bofya. Bofya mara moja juu ya jina la faili, polepole, mara kadhaa. Kama faili linafunguka wakati wewe umebofya mara moja tu, kitufe kina kasoro ya kujirudia, na kasoro hiyo huzidi kila siku. Zungusha kigurudumu chini hatua moja moja, uone kama ukurasa unashuka bila kurudi juu. Bonyeza kigurudumu chenyewe, maana nacho ni kitufe. Kuna vipanya vya kimya, visivyotoa sauti ya kubofya. Kwa anayesoma usiku katika chumba cha watu wanne, au mwenye mtoto aliyelala pembeni, hivyo ni baraka, na ningemshauri aongeze hela kidogo apate kimoja.

Sasa kuhusu mawasiliano. Kuna njia mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Njia ya kwanza ni ile ya kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB, ambacho wengi wanakiita risiva. Kina ukubwa wa ukucha. Ukichomeka, baada ya sekunde chache kazi inaanza, hakuna cha kuunganisha wala kutafuta. Kinafanya kazi hata kabla Windows haijawaka, ndiyo maana mafundi wanakipenda. Shida yake ni moja, na ni kubwa: kwa vipanya vingi vya bei ya chini, risiva imefungwa na kipanya chake tangu kiwandani. Ikipotea, kipanya kinabaki kuwa pambo. Kwa hiyo kabla hujalipa, fungua kifuniko cha betri, au kigeuze tumbo juu, uangalie kama kuna kishimo cha kuhifadhia risiva. Kama hakuna, kirudishe. Ukisafiri, risiva iingie kwenye kishimo chake, isiachwe imechomekwa pembeni mwa laptopu ndani ya begi ambako itapindwa na kuvunjika pamoja na tundu lenyewe. Na kama ofisi yenu ina vipanya vinne vinavyofanana, chukueni rangi ya kucha, wekeni nukta ya rangi moja kwenye kipanya na kwenye risiva yake, kila kimoja na rangi yake. Mtaepuka ugomvi wa kila asubuhi.

Baadhi ya watengenezaji wameliona tatizo hilo la kupotea. Mwaka 2009 Logitech walileta risiva waliyoiita Unifying, ambayo moja inaweza kubeba vifaa hadi 6, na ikipotea unaweza kununua nyingine na kuiunganisha upya. Mwaka 2021 wakaleta ya kizazi kipya, Bolt. Hizo mbili haziingiliani, kwa hiyo angalia alama kabla ya kununua ya akiba.

Liko jambo jingine kuhusu risiva ambalo limewafanya watu wengi watupe vipanya vizima. Mshale unakwamakwama, unaruka, hasa ukichomeka diski ya nje ya kuhifadhia kazi. Unasema kipanya kimekufa. Hakijafa. Risiva hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na vifaa vya USB 3, ambavyo matundu yake mara nyingi yana rangi ya buluu ndani, hutoa kelele katika eneo hilohilo la mawimbi vinapopeleka data. Kampuni ya Intel ilieleza jambo hili kwa maandishi mwaka 2012. Hamisha risiva kwenye tundu la upande wa pili wa laptopu, mbali na diski, ikiwezekana lile tundu la kawaida lisilo la buluu. Waya mfupi wa kurefushia USB nao unasaidia sana.

Njia ya pili ni Bluetooth. Hapa hakuna kidude cha kupotea, na tundu la USB linabaki huru kwa flashi au printa. Laptopu mpya nyembamba zina matundu machache, mengine ya type-C pekee, na kwa hizo Bluetooth ndiyo jibu. Lakini mwenye laptopu ya mtumba awe mwangalifu. Vipanya vingi vya Bluetooth vya leo vinahitaji toleo la 4.0 au la juu zaidi, toleo lililotoka mwaka 2010, na laptopu za kabla ya hapo haziwezi kulipokea. Hata mashine yenyewe ikiwa nalo, Windows 7 haiwezi kuzungumza na vipanya hivyo vya umeme mdogo; inahitajika Windows 8 kwenda mbele. Kwa hiyo ukienda kununua cha Bluetooth, nenda na laptopu yako. Wapo wanaouza chenye njia zote mbili, risiva na Bluetooth, na kitufe cha kubadilishia tumboni. Kama mfuko unaruhusu, hicho ndicho cha kuchukua, kwa sababu laptopu utakayokuwa nayo baada ya miaka mitatu huenda si hii.

Tuje kwenye betri, jambo linaloumiza wengi kimyakimya. Vipanya vya kawaida hutumia betri moja au mbili za AA, au zile nyembamba za AAA. Chukua betri ya AA usome maandishi madogo ubavuni. Ikiwa imeandikwa R6, hiyo ni ya kaboni na zinki, ya bei ndogo. Ikiwa LR6, hiyo ni alkalaini. Ile herufi L ndiyo unayoilipia. Betri ya kaboni haidumu, na ina tabia mbaya zaidi: ganda lake la zinki ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi, hivyo ikichakaa hutoboka na kuvuja. Ukifungua kifuniko unakuta unga mweupe au wa kijani kwenye springi, na kipanya kilichokuwa kizima kimeharibiwa na betri rahisi. Springi ikiwa haijaliwa sana, ifute, isugue taratibu kwa msasa laini, mara nyingine kitafufuka. Lakini ni afadhali kununua alkalaini tangu mwanzo. Mfano wa kipanya kisicho na makuu ni Logitech M185: kinatumia AA moja, na mtengenezaji anasema inaweza kufika miezi 12. Kama wewe ni wa kufunga ofisi wiki nzima wakati wa sikukuu, zima swichi iliyoko chini.

Vya kuchaji sivichukii, ila vina maswali yake. Je, kinafanya kazi wakati kinachajiwa? Apple, kampuni kubwa kiasi hicho, mwaka 2015 ilitoa kipanya chenye tundu la chaji tumboni, kwa hiyo kikiwa kwenye waya hakiwezi kutumika. Je, chaji yake ni type-C kama ya simu yako, au ile ya zamani ambayo waya wake umeshautupa? Na betri ya ndani ikichoka, nani atakubadilishia? Kwa karani ambaye umeme umekatika, laptopu iko kwenye betri na mzigo lazima utoke usiku huu, kipanya cha AA kinamtoa kwenye shida kwa kwenda duka la jirani. Mimi kwa kazi za hapa boda nakipendelea hicho.

Meza nayo ina neno lake. Kipanya cha leo kina jicho chini: taa na kamera ndogo inayopiga picha za meza mfululizo na kulinganisha picha na picha ili kujua kimesogea wapi. Kioo kitupu hakina cha kupigia picha. Ndiyo maana wale wenye kaunta za vioo, wa fedha za simu na wa kubadili kwacha, wanalalamika mshale haueleweki. Viko vipanya vinavyoweza kufanya kazi juu ya kioo, teknolojia iliyotoka mwaka 2009, lakini ni ghali. Jalada gumu la kaunta buku, upande usiong'aa, linatosha kabisa. Na vumbi letu la kiangazi huingia kwenye kile kishimo cha jicho. Ukiona mshale unatetemeka, chukua pamba ya masikio, futa hapo kabla hujamlipa fundi.

Muuzaji atakutajia dpi. Atasema hiki ni 1600, hiki 3200, hiki 6400, kana kwamba ni nguvu ya injini. Hesabu ni hii. Kipanya cha dpi 1000, ukikisogeza inchi moja, mshale unakwenda nukta 1000. Laptopu nyingi za mtumba zina kioo cha nukta 1366 kwa upana. Maana yake sentimita tatu na nusu za mkono wako zinatosha kuvuka kioo chote. Unataka nini zaidi ya hapo? Kwa kazi za fomu, barua na hesabu, 1000 hadi 1600 inatosha. Pesa ya dpi nyingi peleka kwenye kigurudumu na vitufe imara.

Niseme na la usalama, kwa sababu hapa watu wanashika nywila za mifumo ya serikali na za benki. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba risiva za baadhi ya vipanya na kibodi, hata za kampuni zenye majina, zingeweza kudanganywa na mtu aliye umbali wa hadi mita 100, akaingiza maandishi kwenye kompyuta kana kwamba mwenyewe anaandika. Waliliita tatizo hilo MouseJack. Baadhi ya watengenezaji walitoa masahihisho. Sisemi uogope, nasema uwe na desturi: ukiondoka mezani funga kioo cha laptopu kwa nywila, na ukiondoka usiku ondoka na risiva. Kwa ofisi inayotuma malipo, kipanya kisichojulikana kimetoka wapi si cha kuweka.

Hapo tunagusa bandia. Jina kubwa kwenye boksi si ushahidi. Angalia maandishi yaliyokosewa, namba ya mfululizo iliyokosekana, kifuniko cha betri kinachocheza. Dai risiti ya mashine ya EFD, iandikwe jina la bidhaa, na ukubaliane na muuzaji kabla ya kulipa utarudisha ndani ya siku ngapi kikiharibika. Ukinunua ng'ambo Nakonde, jiulize utakirudishaje. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kufuatilia, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Sasa nimalizie na makundi mawili ya watu. Wenye maduka ya vifaa hapa Tunduma na Vwawa: wekeni laptopu moja juu ya kaunta, na kipande cha jalada pembeni, mteja ajaribu kipanya kwa mkono wake kabla ya kutoa pesa. Atarudi kwenu. Na nyie wenye kampuni za kliaringi: mnawadai vijana wenu kazi isiyo na kosa, kosa moja gari linalala. Basi wanunulieni vipanya vya maana, kila mmoja chake, pamoja na betri za LR6 kwenye droo. Msiwaache wajinunulie wenyewe kutoka kwenye posho ya chakula.